Mlima wa Chaki na Vijana Wanaojitolea

 Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya vijana wa Uingereza wanaojitolea, yaani wanaofanya kazi bila ya kulipwa, katika kuhifadhi vilima na nyasi za nchi hiyo. Nisingelichagua maudhui haya lau si simu niliyopigiwa na shemeji yangu usiku mmoja wa Jumamosi, miaka michache iliyopita.

Shemeji yangu ni mtu wa Kilifi aliyehamia London tangu ujana wake, na kwa miaka mingi amekuwa akiendesha basi la abiria. "Shemeji," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyefikwa na msiba, "njoo unisaidie. Mpwa wako ameniharibikia." Moyo ulinidunda. Mpwa wangu huyo alikuwa na umri wa miaka 17, na sote tunayajua mambo yawezayo kumpata kijana wa umri huo katika mji mkubwa. Nikamwuliza mtoto amefanya nini.

"Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, anaamka alfajiri, anapanda gari la moshi kwa fedha zake mwenyewe, anakwenda kukata vichaka vya watu. Bure, shemeji! Marehemu baba yangu alishika panga ili mimi nisome. Mimi nimevuka bahari ili mtoto wangu asilishike kabisa. Sasa yeye analifuata kwa nauli yake!"

Nilipumua, lakini shemeji alikuwa hajamaliza. "Na linalonishinda zaidi," akaendelea, "ni kwamba ananiambia anahifadhi mazingira. Kwetu msitu wa kaya hauokotwi hata ukuni mkavu. Wazee walituambia acheni, nasi tukaacha, na msitu upo mpaka leo. Ni hifadhi gani hiyo ya kwenda na msumeno?"

Wasikilizaji wapenzi, hayo ni maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza: kwa nini kijana afanye kazi ngumu asiyolipwa? La pili: kitu kinahifadhiwaje kwa kukatwa? Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo. Nilichoweza kumwahidi shemeji ni kwamba Jumapili itakayofuata nitafuatana na mpwa wangu, nikajionee kwa macho yangu.

Tulishuka katika jimbo la Surrey, kusini mwa London, mahali ambapo safu ya vilima iitwayo North Downs inakatwa na mto Mole. Kilima mashuhuri kuliko vyote hapo ni Box Hill, chenye kimo cha mita 224, yapata kilomita 30 tu kutoka katikati ya London. Kilima hicho kilinunuliwa mwaka 1914 na tajiri mmoja, Leopold Salomons, akakitoa kwa shirika la uhifadhi la National Trust ili kibaki kuwa cha watu wote. Sisi tulikwenda kwenye mteremko mmoja usiokuwa mbali na hapo. Ilikuwa mwezi Novemba, ukungu umetanda, na baridi ile inayopenya mpaka kwenye kucha.

Tuliwakuta vijana wapatao kumi na watano, wake kwa waume, pamoja na mama mmoja wa makamo aliyekuwa kiongozi wao. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa sekondari, baadhi wa vyuo vikuu, na mmoja aliniambia bila ya haya kwamba hana kazi wala masomo, na kwamba Jumapili ndiyo siku pekee katika juma anayojua anakwenda wapi. Walipewa glavu, misumeno ya mkono na mikasi mirefu ya kukatia matawi. Kisha yule mama akawaonyesha adui wao wa siku ile: kichaka chenye vijiti vyekundu kama shaba, ambacho mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuchipua kila upande. Kwa muda wa saa nne nzima waliking'ang'ania kichaka kile, wakakikata mpaka kwenye visiki, na visiki vikapakwa dawa ili visichipue tena.

Nilimkumbuka shemeji yangu. Nikamwuliza yule mama swali lake kama nilivyoulizwa: hifadhi gani hii ya msumeno? Alicheka, akapiga magoti, akafunua nyasi kwa vidole vyake. Chini ya nyasi, kina kisichozidi urefu wa kidole, palikuwa na jiwe jeupe. Vilima vile, wasikilizaji, ni vya chaki, sawa na ile tuliyoandikia ubaoni zamani shuleni. Udongo uliopo juu yake ni mwembamba na ni maskini, na umaskini huo ndio utajiri wake. Penye rutuba nyingi, aina chache za majani yenye nguvu hukua haraka na kuyafunika mengine yote. Penye udongo dhaifu hapana mwenye nguvu za kumdhulumu mwenzake, na kila mmea hupata nafasi yake. Ndiyo maana katika mita moja tu ya mraba ya nyasi za chaki huweza kuhesabiwa aina 30 za mimea, na pengine hata 40.

Hata majivu walikuwa na hadhari nayo. Matawi yaliyokatwa yalichomwa juu ya bati lililoinuliwa kutoka ardhini, kwa sababu majivu ni mbolea, na mbolea mahali pale ni sumu kwa maua. Mimi niliyekulia mahali ambapo mkulima huomba mbolea kama anavyoomba mvua, nilistaajabu sana.

Basi vichaka vile vilitoka wapi, na kwa nini havikuwapo zamani? Kwa karne nyingi wachungaji walilisha kondoo wao juu ya vilima hivyo, na kondoo, pamoja na sungura wa porini, walizitafuna nyasi na miche ya vichaka kabla haijapata nguvu. Mandhari ambayo Waingereza wanayaita ya asili ni kazi ya meno ya wanyama na fimbo ya mchungaji. Kisha mambo mawili yakatokea. Ufugaji wa kondoo kwenye miteremko mikali uliacha kuwa na faida, na wakulima wakauacha. Na mwaka 1953 yaliingia nchini maradhi ya sungura yaitwayo miksomatosisi, ambayo katika muda wa miaka kama miwili yaliwaangamiza takriban sungura 99 katika kila 100. Vilima vikakosa wa kuvitafuna. Vichaka vikapanda, vivuli vikatanda, na maua yakaanza kufa gizani. Na huko mabondeni, plau na mbolea za viwandani zilikuwa zikifanya kazi yao: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba Uingereza na Wales zimepoteza karibu asilimia 97 ya malisho yake ya kale yenye maua tangu miaka ya 1930.

Hapo ndipo vijana wanapoingia katika historia hii. Mwaka 1958 jumuiya mbalimbali za wapenda maumbile ziliunda baraza lao la pamoja, na mwaka 1959 baraza hilo likaanzisha Kikosi cha Uhifadhi kwa ajili ya vijana waliotimiza miaka 16. Wazo lilikuwa jepesi: nchi ina vijana wengi wenye nguvu, na vilima vina vichaka vingi, wakutanishwe. Kazi ya kwanza ya kikosi hicho ilifanyika hapo hapo Box Hill. Walikwenda watu 42, wakakata kichaka kile kile chenye vijiti vyekundu nilichokiona mimi miongo mingi baadaye. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja aitwaye David Bellamy, ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu wa mimea aliyejulikana na kila nyumba yenye televisheni nchini humo, mpaka alipofariki dunia mwaka 2019.

Kikosi hicho hakikubaki kidogo. Mwaka 1970 kiligeuka kuwa shirika kamili la wanaojitolea katika uhifadhi, na tangu mwaka 2012 shirika hilo linajulikana kwa jina la The Conservation Volunteers. Vijana wake hawakati vichaka tu. Hujifunza kujenga kuta za mawe yasiyotiwa saruji, kusuka uzio hai kwa kulaza miti michanga, kuzibua madimbwi na kutengeneza njia za miguu. Nyingi katika kazi hizi zilikuwa zinakaribia kufa pamoja na wazee waliozijua. Vijana wa mjini ndio waliozipokea.

Lakini, wapenzi wasikilizaji, msidhani kwamba Waingereza waliijua elimu hii ya kukata tangu mwanzo. Waliilipia kwa gharama, na gharama hiyo ina kisa ambacho ningependa mkisikilize kwa makini, kwa kuwa ndicho kilichomjibu shemeji yangu.

Palikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye madoa meusi mabawani. Maisha yake ni ya ajabu. Jike hutaga mayai yake juu ya maua ya zaatari ya porini. Kiwavi akishatoka hula ua hilo kwa wiki chache, kisha hujiangusha chini na kungoja. Hapo hupita sisimizi mwekundu. Kiwavi humdanganya kwa harufu na kwa utamu anaoutoa mwilini, hata sisimizi akadhani ni mtoto wa kwao aliyepotea, akambeba mpaka ndani ya kichuguu. Mgeni huyo hukaa humo kiasi cha miezi kumi akiwala watoto wa wenyeji wake, na mwaka unaofuata hutoka akiwa kipepeo.

Uzuri wake ulimletea balaa. Wakusanyaji walimwinda ili wamtundike katika masanduku ya vioo, naye akazidi kupungua. Wapenda maumbile wakafanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: katika miaka ya 1930, mahali pamoja alipokuwa amebaki, walijenga uzio kuwazuia wakusanyaji. Wakusanyaji wakazuiwa. Lakini uzio ule uliwazuia pia wanyama wa malisho, na kipepeo aliyekusudiwa kulindwa akatoweka mahali hapo. Hakuna aliyejua sababu. Kote nchini wakaendelea kupungua, mmoja baada ya mwingine, ndani ya hifadhi zilizotunzwa kwa mapenzi makubwa.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja kijana, Jeremy Thomas, alikwenda kuishi karibu na kundi la mwisho, katika jimbo la Devon, akawachunguza msimu baada ya msimu. Ndiye aliyegundua siri. Si kila sisimizi mwekundu anayefaa. Kiwavi huyo huweza kustawi katika vichuguu vya aina moja tu, na aina hiyo hupenda ardhi yenye joto. Nyasi zikiwa fupi, jua huifikia ardhi. Zikirefuka kwa sentimita chache tu, ardhi hupoa kwa nyuzi mbili au tatu, sisimizi huyo huhama, wa aina nyingine huchukua nafasi yake, na kiwavi hufa. Kwa hiyo aliyemwua kipepeo ni nyasi ndefu, na nyasi ziliachwa zirefuke na watu waliompenda.

Ugunduzi huo ulichelewa. Mwaka 1979 kipepeo huyo alitangazwa kuwa ametoweka kabisa Uingereza. Ila elimu iliyopatikana haikupotea. Kuanzia mwaka 1983 waliletwa vipepeo wa aina hiyo kutoka Sweden, na miteremko ikatayarishwa kwa ajili yao: vichaka vikakatwa, ng'ombe na farasi wadogo wakarudishwa malishoni, zaatari ikapandwa. Kazi kubwa ya kukata na kupanda huko imefanywa na mikono ya wanaojitolea. Mwaka 2019 viwavi wapatao 1,100 waliachiliwa huko Rodborough Common, katika jimbo la Gloucestershire, na kiangazi cha mwaka 2020 wakakadiriwa kutoka vipepeo 750, mahali ambapo kipepeo huyo hakuwahi kuonekana kwa muda wa miaka 150.

Sasa na turejee kwa shemeji. Alikuwa na haki aliposema kwamba msitu wa kaya huhifadhiwa kwa kuachwa. Makaya ya Wamijikenda yameingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na yasingelikuwapo lau wazee hawakukataza shoka. Msitu ule ulijijenga wenyewe, na adui yake ni mkono wa mtu. Nyasi za chaki ziliumbwa na mchungaji na kundi lake, na adui yake ni kuachwa. Hekima ya Kilifi na hekima ya Surrey hazipingani. Zote mbili zinatuambia jambo moja, kwamba anayetaka kukilinda kitu sharti kwanza akijue kinaishije. Mapenzi peke yake hayatoshi. Ule uzio wa miaka ya 1930 ulijengwa kwa mapenzi.

Limebaki swali la malipo, na hili sitalijibu kwa haraka. Wako Waingereza wenyewe wanaosema kwamba si haki kazi muhimu kama hii ikategemea hisani, kwamba serikali na wenye ardhi wangepaswa kuwaajiri vijana na kuwalipa, na kwamba anayeweza kujitolea ni yule ambaye nyumbani kwao chakula kimo. Kuna ukweli ndani yake. Katika kundi lile nililolikuta, mpwa wangu alikuwa mmoja kati ya weusi wawili tu, na nauli ya gari la moshi si kitu kidogo kwa mtoto wa dereva wa basi. Uzalendo wa kujitolea usiwe kisingizio cha kumtumia mtu.

Hata hivyo, tulipokuwa tukinywa chai chini ya mti, nilimwuliza mpwa wangu anapata nini. Alifikiri, kisha akasema: "Mjomba, shuleni nafanya mitihani, na majibu yake nitayajua baada ya miezi. Hapa saa tatu asubuhi pana kichaka, saa saba mchana hapana. Halafu mwezi wa Juni nitakuja nione kilichoota." Akanionyesha sehemu waliyoifyeka mwaka uliotangulia. Mimi niliona majani tu. Yeye aliyataja majina yao moja moja, kama mtu anayewatambulisha jamaa zake. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya ghorofa ya sita, asiyekuwa na hata kipande cha ardhi katika nchi ile, alisimama juu ya mteremko ule kama mtu aliye kwao.

Nikakumbuka kwamba hata sisi hatukuanza kulijua jambo hili Ulaya. Tunalo neno ujima. Upareni na kwingineko Tanzania kuna msaragambo, ambapo kijiji kizima hutoka kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Kenya ilijijengea shule kwa harambee, na Rwanda hutenga Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kwa umuganda. Tofauti ni kwamba kwetu mtu hutoka kwa sababu ni mwana kijiji, na asiyetoka huulizwa. Vijana hawa wa Surrey hawaulizwi na yeyote. Huwa wanakijiji kwa kutoka. Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpwa wangu hakungoja kupewa. Amelitwaa mwenyewe, na ugeni ukamwisha.

Iko pia sheria ya msimu wanayoifuata, ambayo ilinipendeza. Kazi ya kukata vichaka hufanyika zaidi wakati wa baridi, na ifikapo mwezi Machi misumeno huwekwa chini, kwa sababu ndege wameanza kujenga viota, na kuviharibu ni kosa la jinai kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1981. Kwa hiyo vijana hawa hufanya kazi katika miezi ya matope na mvua, na maua yanapochanua wapita njia wengi huyafurahia bila ya kujua ni nani aliyewapatia.

Usiku ule nilimpigia simu shemeji yangu. Nilimweleza habari za chaki, za kondoo na za sungura. Nilipofika kwenye uzio uliomwua kipepeo, alinyamaza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Na huyo kipepeo amerudi?" Nikamwambia amerudi. Akanyamaza tena.

Hakusema kwamba amekubali. Alisema masomo ndiyo ya kwanza, na kwamba wiki ya mitihani hakuna Surrey. Kisha akasema ameviona viatu vya mtoto vikikauka jikoni, vimepasuka na vinaingiza maji, na kwamba atakapomaliza zamu yake Ijumaa atakwenda kumnunulia vingine, vya mpira, virefu, kama vile alivyokuwa akivaa marehemu baba yake shambani.